Kuishusha Roadster kwa springi zake za kiwandani: ishuke kiasi gani, na vipi

Swali: Nina Mazda Roadster NB (toleo la pili) ya 1999 iliyotoka Japani, naishi Mazizini, Zanzibar. Nimepata shokapu za Koni za njano, zile ambazo sahani inayobeba springi inaweza kupandishwa na kushushwa. Nataka gari ishuke sentimita nne bila kununua springi mpya. Fundi mmoja ananiambia niachane na shokapu, nikate tu koili moja ya springi. Gari naitumia mjini, na wikiendi tunakwenda Paje wawili na mizigo. Nishushe kiasi gani, kazi yenyewe inafanywaje, na je, itatulia zaidi kwenye kona?

Jibu: Ndugu yangu, sentimita nne hapana. Sentimita moja na nusu hadi mbili, ndiyo, na gari itabaki ya kuendeshwa kila siku. Koili usikate. Nitaanza na sababu, kwa kuwa ukishaielewa utaweza kujipimia mwenyewe bila kutegemea namba ya mtu.

Springi ya gari iliyosimama inabanwa na uzito wa gari tu. Ukiteremsha sahani inayoibeba, uzito haukubadilika, kwa hiyo na urefu wa springi iliyobanwa haubadiliki. Kinachobadilika ni mahali springi ilipoketi. Imekaa chini zaidi kwenye silinda ya shokapu, na gari nzima inashuka nayo. Hii ina maana mbili. Ya kwanza ni nzuri: ulaini wa springi uko vilevile, gari haigeuki gogo. Ya pili ndiyo inayowaponza watu: rodi ya shokapu sasa imezama ndani zaidi hata gari ikiwa imesimama. Nafasi iliyokuwepo kabla rodi haijafika kwenye stopa (ile raba iliyovishwa kwenye rodi chini ya mauntingi ya juu, yaani kishikio kinachofunga shokapu kwenye bodi) imeliwa. Kila milimita uliyoteremsha sahani imetoka hapo, hakuna pengine pa kuitoa.

Roadster haina akiba kubwa ya nafasi hiyo hata ilivyotoka kiwandani. Mazda waliijenga gari fupi, yenye madigadi ya chini, na stopa ndefu laini ambayo inafanya kazi kama springi ya pili. Kwenye shimo la kawaida gari inaigusa. Kwa hiyo anayeshusha sana kwa springi laini huishia kuendesha juu ya raba. Gari inakuwa ngumu, inadunda, halafu mwenyewe anailaumu shokapu.

Pima kabla hujaamua

Chukua shokapu moja ya mbele ikiwa bado kwenye gari, gari imesimama chini kwa matairi yake. Vuta juu kifuniko cha vumbi, kisha pima kutoka mdomo wa silinda hadi ncha ya chini ya stopa. Hiyo ndiyo akiba yako. Hakikisha umepima na wewe umekaa ndani, au mtu wa uzito wako amekaa, na tangi lina nusu ya petroli.

Sasa hesabu. Kwenye Roadster shokapu imefungwa katikati ya mkono wa chini, haikufungwa kwenye tairi, kwa hiyo tairi likipanda milimita 10 shokapu ya mbele inaingia kama milimita 7 hivi. Nyuma ni zaidi kidogo. Hesabu inakwenda pande zote mbili: ukiteremsha sahani milimita 12, gari mbele inashuka kama 17.

Tuseme umepima akiba ya milimita 30. Ukiteremsha sahani 12, zimebaki 18 kwenye shokapu, yaani tairi linaweza kupanda kama milimita 25 kabla ya kugusa raba. Inabana, lakini inaendesheka. Ukitaka zile sentimita nne zako, sahani inabidi iteremke milimita 28, na kwenye shokapu zinabaki mbili. Mbili! Gari hiyo inakaa juu ya raba tangu unatoka getini. Mweke mwenzako na mabegi ya Paje, na mbili hizo hazipo.

Namba 30 ni mfano tu. Gari ya 1999 inaweza kuwa na springi zilizokwishalegea, na mara nyingi upande wa dereva umelala kuliko wa abiria. Pima pembe zote nne: kutoka katikati ya kofia ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Usipime kutoka ardhini, maana hapo unapima na upepo wa matairi na tairi lililolika. Andika namba nne kwenye karatasi na uzihifadhi, utazihitaji siku ya mwisho. Kama kushoto na kulia zinapishana zaidi ya milimita 8 hivi, springi moja imechoka au imevunjika koili ya chini, na kubadili shokapu hakutaiponya.

Springi kuvunjika kwa koili ya chini hapa kwetu si jambo la ajabu. Hewa ya bahari inafanya kazi yake: rangi ya springi inachunika na mchanga pale inapoketi kwenye sahani, chumvi inaingia, kutu inachimba kishimo, na kishimo ndicho mwanzo wa ufa. Zikishatoka, zipige brashi ya waya uzitazame mchana wa jua. Kutu ya juu juu iliyo nyororo si tatizo, ipake rangi. Kutu iliyochimba hadi ukucha unazama, hiyo springi usiirudishe. Tafuta seti nyingine iliyotumika lakini safi, na kila mara badili mbili za ekseli moja.

Kwa nini fundi wako hajakushauri vizuri

Koili ya mwisho ya springi za Roadster imetengenezwa iketi kwenye umbo la sahani, ina ncha yake inayoegemea kizuizi. Ukiikata, springi inaketi upandeupande na kusukuma rodi pembeni, na sili ya shokapu inaanza kuvuja mafuta mapema. Pia hujui itashuka kiasi gani mpaka umeshakata, na iliyokatwa hairudi. Kubwa kuliko yote ni kwamba springi fupi, gari ikiinuliwa na jeki au ikiruka tuta, inabaki inacheza bila kubanwa. Inagonga, na ikirudi inaweza kuketi vibaya. Kuna wengine wanaichoma kwa gesi ili ilale. Hilo usimruhusu mtu kabisa: chuma cha springi kikishapata moto wa kiasi hicho kinapoteza ugumu wake, na kinaendelea kulala siku hadi siku.

Hata kwa sahani ya kushuka, jambo hili la springi kulegea lipime. Siku springi imetoka, pima urefu wake ikiwa huru. Kisha vuta rodi ya Koni mpaka mwisho, weka sahani kwenye mfereji unaoutaka, weka mauntingi ya juu, na pima nafasi kati ya sahani na kiti cha juu cha springi. Nafasi hiyo lazima iwe ndogo kuliko urefu wa springi huru, angalau kwa sentimita moja au mbili. Ikizidi, umeshusha kupita kiasi kwa springi hizo, hata kama gari inapendeza kwa macho.

Vifaa vya kuwa navyo mkononi

Shokapu hizi hazina nyuzi za kuzungusha sahani. Silinda ina mifereji michache iliyochongwa, na kwenye mfereji unaingia pete ya chuma yenye mwanya ambayo ndiyo inayobeba sahani. Kwa hiyo huchagui milimita yoyote unayotaka, unachagua mfereji. Pima umbali wa mfereji hadi mfereji kwa venia au rula nzuri, na utie kwenye hesabu ile ya juu (kwa mbele, kila milimita 7 za sahani ni kama 10 za tairi) ili ujue kila ngazi ni kiasi gani kwenye tairi. Ikiwa ngazi ya pili inakupeleka kwenye milimita 15 hadi 20, hiyo ndiyo yako. Ikiwa inakupeleka kwenye 30, rudi ya juu.

Zile shokapu zenye nyuzi mwili mzima ni kitu kingine. Nyingi zinakuja na springi zao nyembamba zilizonyooka, na springi pana ya kiwandani haiketi kwenye sahani zake. Usidanganyike ukaambiwa "itaingia tu".

Vingine unavyohitaji: vibano viwili vya springi vyenye ndoano madhubuti, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, soketi za 12, 14, 17 na 19, stendi nne za chuma, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, grisi ya shaba, na zile kamba ndogo za plastiki za kufungia nyaya. Nunua stopa mpya nne na vifuniko vya vumbi, maana za miaka 25 zitakuvunjikia mkononi. Kama pesa inatosha ongeza mauntingi ya juu na bushi zake. Kwa barabara zetu, mauntingi mapya yatakupa tofauti kubwa kuliko ngazi moja ya sahani.

(Mwenye Roadster ya NA, ile ya taa za kuinuka, 1989 hadi 1997, atafute mauntingi ya juu ya NB. Yamejengwa tofauti na yanampa nafasi zaidi ya rodi kusafiri. Wewe unayo tayari.)

Kazi yenyewe

Siku mbili kabla, mwagia mafuta ya kulegeza bolti zote utakazozigusa, asubuhi na jioni. Kwenye gari iliyokaa pwani, inayosumbua zaidi ni ile bolti ndefu ya nyuma inayopita kwenye ncha ya chini ya kitovu cha tairi na mkono wa chini. Hushikana na kijibomba cha chuma cha ndani ya bushi, na ukiilazimisha kwa bomba refu inakatika. Bahati nzuri kazi hii inawezekana bila kuigusa, nitakueleza.

Legeza nati za matairi gari ikiwa chini. Inua, na uiweke juu ya stendi za chuma. Si tofali la saruji, si jiwe la matumbawe. Najua ndivyo gereji nyingi zinavyofanya, lakini tofali hupasuka ghafla bila kutoa ishara, na kazi hii inakuweka wewe chini yake ukivuta spana kwa nguvu. Inua ekseli nzima kwa pamoja, usifanye tairi moja moja, kwa sababu stabilaiza (ile fimbo ya kupunguza gari kulala kwenye kona) imeunganisha kushoto na kulia na itakupinga.

Mbele: fungua linki za stabilaiza pande zote mbili. Fungua bolti ya chini ya shokapu. Halafu toa bolti ndefu ya mkono wa juu, ili mkono pamoja na kitovu viinamie nje vikupe nafasi. Vifunge kwa waya visining'inie kwenye hosi ya breki. Hosi iliyovutwa haionyeshi jeraha siku hiyo, inalionyesha siku unayokanyaga breki kwa nguvu. Kama gari ina ABS, fungua na klipu za waya wake. Mwisho, nati mbili za juu ndani ya boneti, na mkono wako ukiishika shokapu kwa chini isikuangukie.

Nyuma nati mbili za juu ziko ndani ya buti, nyuma ya zulia na vifuniko vya pembeni. Bolti ya chini ya shokapu itoke, linki ya stabilaiza itoke, na badala ya kupigana na ile bolti ndefu ya chini, fungua mkono wa juu. Mtu mwingine akikandamize kitovu cha tairi kwenda chini kwa mguu wakati wewe unaipitisha shokapu. Inatoka, ila inataka subira.

Kabla ya kubana springi piga picha ya shokapu nzima ikiwa bado imefungwa, na chora mstari wa rangi kutoka mauntingi hadi jicho la chini. Mauntingi yakirudi yamezunguka kidogo, bolti za juu hazitaingia kwenye matundu yake na utaanza upya. Vibano viwili viweke kukabiliana, kila kimoja kishike koili nyingi iwezekanavyo, na ukaze zamu kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule. Springi ikianza kupinda kama upinde, simama, legeza, panga upya. Usiweke uso wala kifua kwenye mstari wa rodi. Springi ikishalegea kwenye viti vyake, ndipo unafungua nati ya juu ya rodi.

Pete ya chuma iingize kwenye mfereji uliouchagua na uihakikishe kwa kidole kuzunguka pande zote kwamba imezama sawasawa. Sahani inaketi juu yake, na uzito wa gari ndio unaoishikilia. Ikiwa pete imekaa nusu nje ya mfereji, itachomoka kwenye tuta la kwanza. Hapa weka grisi ya shaba: kwenye mfereji, kwenye pete, na ndani ya sahani. Bila hivyo, mwaka kesho ukitaka kurudi ngazi ya juu utakuta chumvi imevigeuza vitu vitatu kuwa kimoja. Kushoto na kulia lazima mfereji uwe uleule. Mbele na nyuma si lazima.

Stopa isirudi ikiwa imekatwa ovyo. Kama karatasi iliyokuja na shokapu inasema stopa ifupishwe kwa kiasi fulani, fupisha kiasi hicho kwa kisu kikali, upande ulioelekezwa. Kama haisemi kitu, iache nzima. Anayeitoa kabisa ili "gari ipate nafasi" anaifanya pistoni igonge mwisho wa silinda, na shokapu inakufa kwa mashimo machache. Raba za springi za juu na chini zirudi, ncha ya springi iguse kizuizi chake, nati ya rodi ikazwe, ndipo vibano vilegezwe kidogokidogo.

Sasa jambo ambalo gereji nyingi hulisahau, na linaharibu kazi nzuri. Bushi za mikono na za jicho la shokapu ni raba iliyogundishwa kwenye chuma pande zote mbili. Haizunguki, inajisokota. Ukizikaza matairi yananing'inia, umezifunga katika hali ya kuning'inia. Ukishusha gari zinasokotwa muda wote, zinainua gari juu kidogo na baada ya miezi zinachanika. Kwa hiyo rudisha bolti zote lakini zikaze kwa mkono tu. Shusha gari juu ya mbao nene zilizowekwa chini ya matairi manne ili upate nafasi ya kuingia, isukume mbele na nyuma, ibonyeze kila pembe mara kadhaa itulie. Hapo ndipo unakaza kwa ile spana ya kupimia (Nm ni kipimo chake cha nguvu ya kukaza): bolti ya chini ya shokapu Nm 73 hadi 93, nati za juu za mauntingi Nm 29 hadi 36, nati za matairi Nm 88 hadi 118. Linki za stabilaiza nazo zikaze gari ikiwa chini.

Pima pembe nne tena na linganisha na karatasi yako. Siku ya kwanza gari inaweza kuonekana juu kuliko hesabu. Subiri iende kilomita mia moja hivi, ndipo upime ya kweli.

Baada ya hapo

Geuza kitufe cha Koni kiwe laini kabisa kwa kuanzia. Kitufe hicho kinazuia rodi inapotoka, hakigusi inapoingia. Ukikikaza sana na springi laini za kiwandani, springi inashindwa kuirudisha gari juu kabla ya tuta linalofuata, na tuta kwa tuta gari inazama hadi kukaa kwenye stopa. Utaliona jambo hili wazi kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo: gari inaanza vizuri, baada ya mita hamsini inagonga. Ongeza robo mzunguko kwa robo, pande zote sawa, na ukianza kuhisi inagonga rudi robo moja. Kwa springi zako sitarajii upite nusu mzunguko.

Alaimenti ni lazima. Ikishuka sentimita mbili matairi yanalala kwa ndani upande wa juu kama nusu digrii zaidi, na mwelekeo wa pua za matairi (zinakotazama mbele) unahama. Roadster inarekebishwa kwa bolti zenye washa za yai kwenye mikono ya chini, mbele na nyuma. Hizo nazo zimwagie mafuta mapema, kwani fundi wa mashine akizikuta zimeshikana atakurekebishia pua za mbele tu na kukupa gari. Mwambie unataka mlalo wa kama digrii 1 hadi 1 na nusu mbele, na 1 na nusu hadi 2 nyuma, kushoto na kulia zilingane. Pua za mbele zinyooke au zitazamane kidogo sana kwa ndani, za nyuma zitazamane kidogo kwa ndani. Pua za nyuma zikitazama nje, gari hii ya kusukumwa na matairi ya nyuma itakuzungukia kwenye lami iliyolowa ya masika. Taa kubwa nazo zipimwe upya ukutani ikiwa hukushusha mbele na nyuma sawa.

Kisha fanya jaribio la kamba. Funga kamba ya plastiki kwenye rodi ya kila shokapu, ikaze kiasi tu cha kutoteleza, na uisukume hadi iguse silinda. Nenda Paje kama unavyokwenda siku zote, wawili na mabegi. Njiani utapita matuta ya Jozani yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, na hayo ni kipimo kizuri. Yapite kwa mwendo wako wa kawaida. Ukifika, tazama kamba imesukumwa umbali gani juu. Ikiwa imesimama chini ya stopa kwa kidole kimoja, umepata. Ikiwa imegusa na kuingia kidogo kwenye raba, vumilia. Ikiwa raba imebonyezwa nusu yake au zaidi kwenye safari ya kawaida, pandisha mbele ngazi moja, hata kama jicho halipendi.

Ukiwa na gari ya chini kumbuka na meli. Ukiipeleka Pemba au Dar es Salaam, mwinamo wa mlango wa kupakilia unabadilika na kujaa na kupwa kwa maji. Bampa iliyopita asubuhi bila shida inaweza kukwaruza jioni. Beba mbao mbili fupi kwenye buti.

Kuosha: chini ya gari ioshwe kwa maji matamu ya bomba kila unaporudi kutoka pwani, na uelekeze mpira kwenye sahani na mifereji. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na kuosha kwa hayo ni kuongeza chumvi juu ya chumvi.

Sasa swali lako la mwisho, la kona. Kwa kushusha tu, tofauti ni ndogo. Uzito wa gari umekaa chini zaidi, hilo ni jema, lakini springi ni zilezile, kwa hiyo gari itaendelea kulala kwenye kona karibu kama zamani. Na mikono ikishashuka kupita usawa wake, kile kituo ambacho gari inakizunguka inapolala hushuka haraka kuliko uzito wenyewe, na gari inaweza hata kulala zaidi. Hii ni sababu nyingine ya kukataa sentimita nne. Utakachokihisi ni kazi ya shokapu mpya, maana gari itaacha kuyumba baada ya kona na kurudi mara moja. Ukitaka ilale kidogo, nunua stabilaiza nene ya mbele na linki zenye urefu wa kurekebishwa. Hiyo haili nafasi ya rodi, haikugusishi chini, na unaifunga kwa bolti chache bila kubana springi yoyote. Ianze hiyo, uendeshe mwezi mmoja, kisha ndiyo uamue kama ngazi ile ya chini bado unaihitaji.